Kofia ya masega, ganda la yai na nzi: ule haukuwa moreli

Swali: Habari yako, Daktari. Nimekuwa nikitazama video za Wamarekani wakiokota uyoga wa moreli msituni, na wanasema bei yake ni ya juu sana. Mwezi wa nne, mvua ilipokolea, nilikuwa nikitembea msitu wa Karura na wanangu. Karibu na mianzi tukaona uyoga mmoja wenye kofia ya masega kama ule wa video. Shina lilikuwa jeupe, lenye vitundu vitundu, na nzi walikuwa wameujaa. Chini ulikuwa na kitu mfano wa ganda la yai. Tuliuacha. Je, ule ulikuwa moreli? Nikiukuta tena naweza kuukaanga? Na kama Nairobi kuna uyoga wa porini wa kuliwa, nitaupata wapi na nitautambuaje? Tukiwa wadogo mama alikuwa akituletea uyoga kutoka shambani Butere, lakini sikuwahi kufuatana naye kuuchuma. Nimefikiria pia kuuza. — Mama wa wawili, Kahawa Sukari

Jibu:

Mama wa wawili, asante kwa kueleza vizuri. Wengi huniandikia "nimeona uyoga mweupe, unaliwa?" na mtu hana la kujibu. Wewe umenitajia mambo matatu yanayotosha: ganda chini, shina lenye vitundu, na nzi. Ule haukuwa moreli. Ulikuwa mmoja wa uyoga wanuka wa jenasi Phallus, na mngesogea karibu zaidi watoto wangeziba pua.

Uyoga huu huanza chini ya majani yaliyooza ukiwa kitu cha mviringo, cheupe, chenye ute mzito ndani. Mvua ikikolea ganda hupasuka na shina huchomoza kwa muda wa saa chache tu. Kichwani hupakwa ute wa kijani kinachoelekea kahawia, wenye harufu ya mzoga, na spora, yaani vumbi ambalo uyoga huzaliana nalo, zimo humo. Nzi huja wakidhani wamepata nyama iliyooza, wakala ute, wakaruka na spora miguuni na tumboni. Wakishamaliza kazi yao, au mvua ikiuosha ule ute, hubaki kofia tupu yenye visima vilivyopangana, na hapo ndipo mtu aliyetoka kutazama video za Michigan hushtuka. Hata mianzi inaingia katika hadithi hii, kwa sababu baadhi ya spishi za jenasi hiyo hupenda mahali penye mianzi inayooza. Uchina kuna mmoja, Phallus indusiatus, wenye wavu mweupe unaoning'inia kama shela ya bibi harusi. Huko hulimwa, hukaushwa na kutiwa kwenye supu. Usiichukue hiyo kuwa ruhusa. Wao wanajua ni spishi gani wameishika na wanaitayarisha vipi, ilhali ule wa Karura hakuna aliyekuhakikishia ni upi. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kisu. Pasua uyoga kwa urefu, kuanzia ncha ya kofia hadi chini. Moreli ya kweli iko wazi ndani, tundu moja kutoka juu mpaka chini, na ukingo wa chini wa kofia umeungana na shina. Haina ganda, haina ute, na harufu yake ni ya udongo. Spora zake hurushwa hewani kutoka kwenye visima vya kofia, kwa hiyo haihitaji nzi.

Sasa kuhusu kuipata hapa. Moreli ni uyoga wa nchi zenye majira ya baridi kali. Kuvu yake hukaa ardhini ikiweka akiba katika vidonge vigumu, hutulia baridi inapokaza, kisha huchipua udongo unapoanza kupata joto, takriban nyuzi 10 za Selsiasi. Katika jimbo la Michigan hiyo ni Aprili na Mei, na mji wa Boyne City hufanya tamasha la moreli kila mwaka mwezi wa Mei. Waokotaji wa huko hawaanzi kwa kutazama chini. Hutazama juu, wakitafuta miti ya elmi iliyokufa karibuni ambayo magome yake yameanza kubanduka, miti ya eshi, na mashamba ya zamani ya matofaa. Magharibi mwa Marekani na Kanada hufuata misitu iliyoungua mwaka uliotangulia, kwa maana zipo spishi za moreli zinazozaa kwa wingi baada ya moto. Bei hupanda kwa sababu msimu ni mfupi na kuilima kulishinda watu kwa muda mrefu, ingawa siku hizi Wachina wanailima kwa wingi.

Karura haina majira hayo. Julai ya Nairobi ni ya kuvaa sweta, lakini udongo wetu haugandi, na kinachoamsha uyoga wetu ni mvua. Ukienda Karura kutafuta moreli utarudi na matope kwenye viatu.

Kuna jambo ambalo video hizo hupita juu juu. Hata huko kwao moreli ina mwenzake wa hatari, Gyromitra esculenta, ambao kofia yake ina mikunjo badala ya visima. Ndani yake mna sumu iitwayo jiromitrini, ambayo mwilini hugeuka kuwa monomethilihaidrazini, kemikali inayotumika katika mafuta ya roketi. Wafini huula baada ya kuuchemsha zaidi ya mara moja na kumwaga maji, na dukani kwao huuzwa ukiwa na onyo. Hata moreli halisi haitaki mzaha. Mwaka 2023, mjini Bozeman katika jimbo la Montana, watu 51 waliugua na 2 wakafariki baada ya kula kwenye mkahawa mmoja, na uchunguzi ulielekea kwenye moreli zilizoliwa mbichi au zisizoiva vizuri. Zilikuwa moreli, wala si uyoga mwingine. Yeyote anayekuambia uyoga wa porini waweza kutiwa kwenye saladi, achana naye.

Nimekaa sana kwenye moreli kwa sababu ujuzi wa uyoga ni wa mahali. Haufungwi kwenye begi ukahama nao. Huko California, wahamiaji kutoka Kusini-Mashariki mwa Asia waliozoea kuokota Volvariella volvacea, uyoga mtamu unaoota kwenye mabua ya mpunga, wamewahi kuchuma Amanita phalloides wakiudhani ndio ule wa nyumbani. Ukiwa mchanga kila mmoja hutoka kwenye mfuko, na kwao uyoga wa mfuko ulikuwa chakula. Huyu Amanita ndiye anayeua watu wengi kuliko uyoga mwingine wote duniani, na wala si mwenyeji wa California. Aliingia pamoja na mizizi ya miti iliyoletwa kutoka Ulaya. Mwaka 2015, wakimbizi wengi walipofika Ujerumani kutoka Syria, hospitali za huko zilipokea wagonjwa kwa kosa hilohilo. Hao hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa waokotaji wazuri walikotoka.

Kwa hiyo mwalimu wako ni mama yako, si Mmarekani wa kwenye simu. Nina karibu hakika kwamba alichokuwa akiwaletea ni obwoba wa kichuguu, uyoga wa mchwa, jenasi Termitomyces. Huu ndio ninaoweza kukushauri ujifunze, na ukitaka maoni yangu, kwa ladha moreli haiushindi.

Mchwa wetu wa jenasi Macrotermes na Odontotermes hawawezi peke yao kumeng'enya vizuri kuni na nyasi kavu wanazokusanya. Huzitafuna, huzipitisha tumboni upesi, kisha hujenga nazo masega ndani ya kichuguu. Juu ya masega hayo huota kuvu ya Termitomyces, ambayo huvunjavunja zile sehemu ngumu za mti, na mchwa hula kuvu pamoja na sega lililokwisha laini. Ushirika huu ulianzia Afrika, takriban miaka milioni 30 iliyopita. Mvua ya masika au ya vuli ikishalowesha ardhi vizuri, kuvu ile husukuma uyoga kutoka kwenye sega, ukapenya udongo hadi juu. Ndiyo maana haulimwi. Kumlima huyu ni sharti umlime na mchwa wake, na hakuna mkulima aliyefaulu kufanya hivyo kibiashara. Zambia ina spishi iitwayo Termitomyces titanicus ambayo kofia yake hukaribia upana wa mita 1. Za huku kwetu ni za kiasi cha sahani, nyingine chini ya hapo.

Namna ya kuutambua inaanzia ardhini. Uyoga wa kichuguu una mzizi, yaani shina linaendelea chini likipungua unene, wakati mwingine zaidi ya mkono mzima, mpaka lifike kwenye sega la mchwa. Hapa nina ugomvi na wale wanaofundisha kukata uyoga kwa kisu usawa wa ardhi. Kwa mtu anayejifunza hilo ni kosa kubwa, kwa sababu ushahidi muhimu kuliko wote unabaki mchangani. Chimba pembeni taratibu kwa jembe dogo au panga, ufuate mzizi. Ukikatikia kwenye udongo mtupu, usile. Ukikuta chini pana mfuko au kikombe kinachokumbatia shina, usile na unawe mikono. Ukifika kwenye sega lenye mchwa, umepata kitu cha maana.

Juu ya ardhi, tazama katikati ya kofia. Termitomyces wengi wana ncha, kijiti kigumu kilichochongoka au kinundu cheusi kidogo, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyotoboa udongo. Geuza kofia utazame matamvua, yale majani membamba yaliyopangwa chini yake. Huwa meupe, kisha yakikomaa huingia uwaridi hafifu. Zipo spishi zenye pete kwenye shina na nyingine hazina, kwa hiyo pete usiifanye kigezo. Upo pia ule mdogo sana, Termitomyces microcarpus, unaotapakaa kwa mamia pale mchwa walipotoa mabaki ya masega nje. Ni mtamu, lakini hauna ule mzizi mrefu wa kufuata, na vijiyoga vidogo vyeupe ndiko watu wanakopotelea. Usianze nao.

Mwenzake wa hatari hapa Nairobi hakai porini. Anakaa kwenye nyasi za uani. Ukinitumia picha ya uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, umeota kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, pengine kwa duara, jambo la kwanza ninalowaza ni Chlorophyllum molybdites. Unapendeza macho, unanukia vizuri, na waliouonja husema ladha haina kasoro. Baada ya saa 1 hadi 3 mtu huanza kutapika na kuharisha vibaya sana. Mara nyingi hauui mtu mzima mwenye afya, lakini mtoto akiishiwa maji mwilini ni habari nyingine. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe kama ya uyoga wowote. Baadaye ndipo huingia kijani.

Ndiyo maana nataka ujifunze kuchukua alama ya spora. Kata shina, laza kofia kifudifudi juu ya karatasi, nusu iwe nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bilauri au bakuli, uiache usiku kucha. Asubuhi utakuta unga umeanguka. Uyoga wa kichuguu huacha unga wa rangi ya waridi. Chlorophyllum molybdites huacha wa kijani, na hakuna haja ya kuendelea kubishana. Wale wa jenasi Amanita huacha mweupe. Lakini angalia: waridi peke yake haitoshi. Jenasi Entoloma, yenye spishi za sumu, nayo huacha waridi. Alama ya spora nzuri ni ya kukataa uyoga. Ya kuukubali inahitaji mzizi, kichuguu, na mtu mzima aliyekwisha kuula uyoga wa mahali palepale.

Chini ya miti ya kigeni mimi sichumi kitu cha kula. Msonobari hausitawi bila kuvu inayoshikana na mizizi yake, kwa hiyo misonobari ilipoletwa Afrika Mashariki, kuvu zake zilikuja nayo. Katika mashamba ya misonobari ya nyanda za juu hupatikana Amanita muscaria, ule mwekundu wenye madoadoa meupe wa kwenye vitabu vya hadithi vya watoto. Huo angalau unajitangaza. Shida ni kwamba palipoingia mmoja na mwingine anaweza kuingia, na mila zetu hazina kumbukumbu yoyote ya hao wageni. Nyanya zetu hawakuwahi kutuonya juu ya uyoga wa chini ya msonobari kwa kuwa utotoni mwao misonobari ilikuwa haijaenea.

Kwa upande wa majaribio ya jikoni, nayasikia yote. Kwamba ukitia kitunguu kikabadilika rangi pana sumu. Kwamba sarafu ya fedha ikigeuka nyeusi ndani ya sufuria umwage. Kwamba ulioliwa na konokono au funza ni salama. Kwamba wenye ngozi inayobanduka ni mzuri. Hakuna hata moja linalofanya kazi. Sungura hula Amanita phalloides kwa kiasi ambacho kingemuua mtu, na konokono nao hawajali. Kuchemsha, kukausha na kugandisha hakuiondoi amatoksini, sumu iliyomo ndani ya Amanita huyo. Moto unaoivisha moreli hauifanyi kitu sumu hii.

Mahali pa kuchuma ni suala la sheria kabla ya kuwa suala la uyoga. Karura, msitu wa Ngong Road na Arboretamu viko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuchukua mazao ya msitu bila kibali. Sheria hiyohiyo inaruhusu vyama vya jamii vya misitu kupata haki za matumizi, kama vile kuvuna asali, nyasi na dawa za mitishamba, lakini hizo hutolewa kwa makubaliano. Mtu aliyelipa kiingilio cha kutembea hazimhusu. Karura ingekuwa mashamba ya majumba leo kama Wangari Maathai na wenzake wasingesimama na kupigwa langoni Januari 1999. Piga picha, nusa, ondoka. Mbuga ya Taifa ya Nairobi usiiwaze kabisa, na si kwa sababu ya simba tu.

Kinachobaki ni ardhi ya watu, kwa ruhusa yao. Elekea kulikobaki vichuguu hai: upande wa Juja na Ruiru ambako mashamba hayajamalizwa na magorofa, au Kiserian na Kitengela. Ukitaka kujua kichuguu kilicho hai kiko wapi, waulize wachungaji, au watoto wanaotega kumbikumbi, kwa kuwa mvua inayowarusha kumbikumbi ndiyo inayoleta uyoga. Kichuguu kilichomwagiwa dawa ya mchwa usikiguse, na Nairobi hiyo ni vichuguu vingi, kwa maana mtu akianza kujenga kitu cha kwanza hununua ni dawa. Kaa mbali na kingo za barabara kubwa, Thika Road na bypass zote, na mbali na kingo za mto Nairobi. Uyoga hufyonza risasi, kadimiamu na zebaki kutoka udongoni kuliko mboga nyingi, na kuosha hakuzitoi.

Safari ya kwanza usiende peke yako, wala usiende na mimi wa kwenye maandishi. Nenda Butere wakati wa mvua, ufuatane na shangazi au jirani anayechuma kila mwaka, umwombe akuonyeshe anaouacha na kwa nini anauacha. Hilo la pili ndilo watu husahau kuuliza, na ndilo lenye faida zaidi. Ukiona kitu Nairobi na unataka jina lake la kisayansi, hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iko Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, na ndiko sampuli za ukanda huu huwekwa. Peleka uyoga mzima pamoja na mzizi wake, umefungwa kwenye karatasi. Mfuko wa plastiki huufanya ute, na uliogeuka ute hakuna anayeweza kuutambua.

Jikoni mambo ni mepesi. Kwangua udongo kwa kisu, suuza haraka, chana kwa mkono. Uchemshe kwanza dakika kadhaa, kisha kaanga kitunguu na nyanya, tia uyoga, malizia kwa njugu zilizosagwa au maziwa ya mtindi kama mama alivyokuwa akifanya, na ugali pembeni. Mara ya kwanza kula kidogo, hata kama una hakika, kwani wapo watu ambao tumbo lao halipatani na uyoga wowote. Watoto wasubiri mpaka kesho yake. Weka mmoja mbichi kwenye friji, mzima, wa kumwonyesha daktari mtu akiugua. Pombe acha siku hiyo: kuna uyoga wa wino, Coprinopsis atramentaria, ambao ukiuchanganya na bia uso huwaka na moyo hudunda kwa nguvu.

Ikitokea mtu ameugua baada ya kula uyoga wa porini, saa ni muhimu kuliko kitu kingine. Kutapika kunakoanza ndani ya saa 3 mara nyingi ni sumu ya tumbo, nako kunahitaji daktari. Kunakoanza baada ya saa 6 au zaidi ndiko kubaya. Amatoksini hukaa kimya saa 6 hadi 12, pengine 24, ndipo mtu huanza kutapika na kuharisha. Kisha, siku ya pili, anapata nafuu. Familia humshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani, kumbe wakati huo ini linaharibiwa, na kufikia siku ya tatu au ya nne macho yanageuka manjano. Sumu hii haiko kwa Amanita peke yake. Vijiyoga vingine vya jenasi Lepiota na Galerina vinayo. Maziwa hayaondoi sumu, wala mafuta, wala mkaa wa jikoni. Mpeleke hospitali yenye idara ya dharura hata kama amesema sasa ni mzima, beba na ule uyoga wa kwenye friji, mwambie daktari saa ya kula na saa dalili zilipoanza, na wote waliokula sahani moja waende pamoja.

Umeuliza pia kuhusu kuuza. Wa porini usiuze. Unapokula mwenyewe unahatarisha nyumba yako. Unapouza unahatarisha mtu asiyejua hata akuulize nini. Ukitamani ladha ya utotoni, waombe jamaa wa Butere waukaushe juani na kukutumia kwa basi. Ukitaka biashara, lima uyoga wa aina ya oista. Hauhitaji shamba, unakubali majani ya ngano au maganda ya maharagwe yaliyopashwa moto kuua vijidudu, na mbegu pamoja na mafunzo hupatikana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) pale Juja, jirani na kwako. Anza na mifuko michache kwenye stoo yenye kivuli na unyevu, vuna kofia kabla kingo zake hazijajikunjua kwenda juu, na usiiweke kwenye chumba mnacholala, kwani oista humwaga spora nyingi na zikivutwa kila siku huleta kikohozi na kubanwa kifua.